Kitufe cha “Lipa” kilichopotea Ijumaa

Mhariri,

Mimi ni mkatisha tiketi za mabasi stendi ya Kange, Tanga. Ijumaa moja tovuti tunayotumia ilibadilishwa sura, na kitufe cha “Lipa” kikafunikwa na tangazo. Kwenye kompyuta ya fundi kilionekana. Kwenye simu za abiria, wapi! Tuliandika tiketi kwa mkono hadi usiku.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta akanionyesha Selenium, programu ya bure iliyoanza mwaka 2004. Unaiandikia hatua: fungua kivinjari, chagua Tanga–Dar, bonyeza Lipa, hakikisha risiti imetoka. Ukiiendesha kila tovuti inapoguswa, inazirudia yenyewe, hata kwa upana wa skrini ya simu. Kitufe kikifunikwa, inagoma na kusema kilichokifunika. (Jaribio la kwanza la mpwa lilifeli bure: aliliambia lisubiri sekunde tano, kwa mtandao wetu huu! Alipoliagiza lisubiri mpaka kitufe kionekane, likatulia.)

Wenye tovuti za tiketi, ijaribuni njia ya malipo namna hiyo kabla hamjabadilisha chochote. Na msibadilishe Ijumaa, tafadhali. Siku hiyo Kange hapatoshi.

Mkatisha tiketi,
Kange, Tanga