Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: ndoo imeshuka kichwani, kadi ya maji bado iko mfukoni kwa baba

Mheshimiwa Waziri wa Maji, habari za kazi na pole na majukumu.

Naandika kutoka kijiji kimoja hapahapa mkoa wa Dodoma, jina sitalitaja maana nataka tuongee jambo lenyewe, sitaki kesho niitwe ofisini kuulizwa nimetumwa na nani. Mi ni mjumbe kwenye chombo chetu cha maji, hizi CBWSO zinazoendesha miradi vijijini chini ya ile sheria ya 2019 iliyoanzisha na RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Nianze na asante, kwa sababu maji yapo. Aliyekulia huku anajua kiangazi kilivyokuwa, mvua zikishakata mwezi wa nne au wa tano ndo basi mpaka Desemba, tulikuwa tunafukua mchanga korongoni tunakaa tunasubiri maji yachuje kidogo kidogo unachota na kibakuli, na ukiyaonja yana chumvi. Saivi kuna kisima kirefu, pampu ya sola, tenki na vilula, yani vituo vya bomba vya kuchotea maji. Ile kauli ya Mama Samia ya kumtua mama ndoo kichwani hatuibezi, tumeiona kwa macho. Ila ndoo ikishashuka yanabaki maswali mengine ambayo naona hayaulizwi sana: bomba likae wapi, lifunguliwe saa ngapi, kadi ikae na nani, na hela inayotokana na hayo maji inaishia kwa nani. Hapo wanawake bado tumekaa kama wageni kwenye jiko letu wenyewe.

Chukua hizi kadi za malipo ya kabla. Kitu kizuri kwakweli, unaweka hela, unagusisha kwenye mita, maji yanatoka, hakuna kugombana na muuza maji. Lakini siku ya kuandikisha walisema aje mkuu wa kaya na kitambulisho, na huku kwetu ukisema mkuu wa kaya kila mtu anajua unamsema nani. Kwahiyo kadi ni ya baba na namba ya simu ya kuongezea salio ni ya baba. Sasa siku ya mnada baba anatoka alfajiri na kadi iko kwenye suruali, huku nyuma mama ana mtoto anaharisha na bomba liko pale linaonekana, maji yamo, hayatoki. Anaenda kuazima kadi kwa jirani kama anaazima chumvi, na jirani naye anaanza kuhesabu ndoo. Nimeona mama amerudi korongoni kufukua mchanga wakati bomba la serikali liko nyuma ya nyumba yake. Kwenye ripoti huyo anahesabika amepata huduma.

Halafu mikutano. Mkutano wa kuchagua eneo la bomba ulipangwa saa mbili asubuhi, mwezi wa kupalilia. Mwanamke gani yuko huru saa mbili asubuhi mwezi huo? Tulioenda tulikaa chini upande ule, wazee kwenye viti upande huu, na karatasi ya mahudhurio ikapita ina safu ya ME na safu ya KE, tukasaini, safu ya KE ikajaa vizuri tu. Ushirikishwaji ukawa umekamilika hapo. Bomba likawekwa karibu na vilabu vya pombe ambako msichana akienda jioni lazima apite katikati ya walevi, na hilo tungelisema kama kuna mtu angetuuliza. Hata kile kijukwaa cha zege cha kuwekea ndoo kimejengwa chini mno, mwenye mimba anainama mpaka magotini kuinua lita 20, ambazo ni kilo 20. Fundi aliyekijenga hajawahi kujitwisha ndoo, na simlaumu, hakuna aliyemwambia.

Tena kuna kitu kinanichekesha. Maji yakiwa ya kunywa nyumbani ni kazi ya mama na binti, lakini yakiwa ya kuuza utamkuta kijana wa kiume na baiskeli yake kafunga madumu manne, mwingine na punda, wala hana aibu. Yani wanaume wa huku maji wanabeba vizuri sana, wanachokwepa ni kubeba ya bure. (Wapo waungwana wanaosaidia, mume wangu mmojawapo, asije akasoma hapa akanuna.)

Kwenye chombo chetu ni hivyohivyo. Mimi kwenye makaratasi ni mweka hazina, kila kijiji nachokijua mweka hazina ni mwanamke, wanasema sisi ni waaminifu. Sawa. Ila fomu ya benki naletewa shambani nisaini nikiwa na jembe mkononi, nikiuliza hela ni ya nini naambiwa saini mama pampu imekufa watu hawana maji, na kweli pampu imekufa, sasa hapo utakataa? Vifaa vilinunuliwa bei gani, fundi kalipwa ngapi, nayasikia kwenye mkutano pamoja na wananchi wengine. Na ajira zenye mshahara kwenye chombo, fundi na mhasibu, wote wanaume. Wanawake tumepewa kufagia kwenye kilula na kusimamia foleni, kazi ya kujitolea. Kujitolea nako kumbe kuna jinsia.

Kuna hesabu moja nilifanya nikashangaa mwenyewe. Sera ya Maji ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, bomba moja watu 250. Tuseme tumefika hapo kila kijiji, tunapiga makofi. Familia ya watu sita inahitaji lita 150, ndo ndoo saba na nusu. Mita 400 kwenda na 400 kurudi mara saba na nusu ni kilomita sita kila siku, nusu yake na mzigo kichwani, foleni hatujaihesabu. Hiyo ni pale serikali imefikia lengo, sio pale imefeli. Kwahiyo anayetembea hizo kilomita akikosa sauti kwenye chombo, lengo litafikiwa na yeye hatapumzika.

Na maji yakiwa ya tabu, anayeumia sio mbebaji tu. Ugonjwa wa macho wa vikope (trakoma) umefanyiwa utafiti pale wilaya ya Kongwa hapa Dodoma tangu miaka ya 1980, na kunawa uso watoto ni sehemu ya kinga yake. Kope kugeukia ndani mpaka mtu anapofuka huwapata wanawake zaidi ya wanaume, maana wao ndo wanashinda na watoto wenye maambukizi. Mama akibana maji, uso wa mtoto unakuwa wa mwisho kwenye foleni, na jicho linaloharibika baadaye ni la mama mwenyewe.

Shuleni nitapita haraka, najua ni wizara nyingine, lakini bomba ni lako. Mwongozo unasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na watu huwa wanapigania idadi ya matundu tu. Choo kikiwa na mlango usiofungwa na hakina maji ndani binti aliye kwenye siku zake hakitumii hata yakiwa matundu 50, anabaki nyumbani. Na pedi zenyewe mnakumbuka, kodi ya VAT ilitolewa 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei haikushuka dukani, yani mfanyabiashara hakushusha bei akaadhibiwa msichana.

Mheshimiwa, siombi mradi mpya. Naomba kila kaya ipewe kadi mbili, na mama aandikishwe kwa simu yake. Mkutano wa kuchagua eneo la bomba uitishwe jioni, na kabla mafundi hawajachimba wakae na wanawake peke yao waonyeshwe hilo eneo kwa miguu. Mkiwa mnasomesha mafundi wa vyombo vya maji, nusu ya nafasi za vyuo vya ufundi vya VETA wapewe mabinti wa vijiji husika, wapo waliomaliza form four wamekaa tu. Na ile ripoti yenu yenye ME na KE iongezewe safu mbili, moja ya nani anasaini benki na kama anapewa taarifa ya matumizi kabla ya kusaini, nyingine ya nani analipwa mshahara. Hizo safu mbili zikijazwa kwa ukweli mtaona wenyewe.

Jibu likipatikana naomba liwe waraka wa Kiswahili ubandikwe ofisi za vijiji, usiishie kwenye email ya wilaya.

Asante,
Mjumbe wa chombo cha maji, Dodoma