Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mbunge Wetu Kuhusu Gari la Wagonjwa

Mheshimiwa Mbunge,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nisingekuandikia hadharani kama barua zangu mbili za awali zingejibiwa, na kama wiki tatu zilizopita baba yangu mdogo asingefungwa kwa shuka mgongoni mwa dereva wa bodaboda ili asidondoke njiani.

Mzee huyu ana kisukari. Saa kumi na mbili asubuhi alitoka kufungulia ndama, mkono wa kushoto ukalegea, fimbo ikamponyoka na mdomo ukaenda upande. Kwenye zahanati yetu muuguzi alishindwa hata kumpima sukari, kwa kuwa vijiti vya kupimia vilikwisha tangu mwezi uliotangulia. Na sukari ikishuka mno humfanya mtu aonekane kama aliyepigwa kiharusi, hivyo kipimo hicho ndicho cha kwanza, si cha anasa. Tukapiga simu kuomba gari, tukajibiwa kwamba lipo ila halina matairi. Ni lile lile, Mheshimiwa, ulilolipigia honi uwanjani siku ya kulizindua, nasi tukashangilia.

Hospitali tulifika saa tisa alasiri. Daktari alitueleza kwa upole kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka, na mashine hiyo pale haipo. Kisha mzee akaandikiwa kwamba amepoteza usemi, maana hakujibu swali hata moja. Hajui Kiswahili! Nilipoingia na kumwuliza kwa Kimaasai, alitaja majina ya watoto wake wote, kwa ulimi mzito, bila kukosea hata mmoja.

Najua wapo watakaosema kisukari ni ugonjwa wa mjini. Tangu ukame wa 2022 utumalizie ng'ombe, maziwa yamekuwa haba bomani na tunashindia ugali na chai ya sukari nyingi. Mimi si mganga, lakini sioni sababu nyingine. Kikundi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kimewataja Wamaasai miongoni mwa watu wa asili, pamoja na Wabarbaig, Wahadzabe na Waakie, na picha zetu hupamba mabango ya utalii. Kwenye mgao wa vijiti vya sukari hatukumbukwi.

Nchi hii haishindwi na jambo hili. Mjamzito wa kijijini akipigiwa simu 115, mpango wa m-mama humtafutia usafiri, hata kwa gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa nini mgonjwa wa kiharusi asihesabiwe naye kuwa wa dharura? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tumeisikia ikisifiwa sana, nawe uliisifu, lakini kadi ya bima haimbebi mtu kilomita sabini za vumbi.

Habari za mashine, za mkalimani na za mazoezi ya viungo, ambayo mzee angepaswa kuyafanya mjini mara mbili kwa wiki, nitakuandikia siku nyingine. Kwa leo naomba gari litembee. Ni matairi manne tu, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpiga kura wako