Mjomba, Nipeleke Amani kwa Miguu

Shikamoo Mjomba.

Simu yako ni ya vitufe, kwa hiyo barua hii utasomewa. Nimemwomba binamu akusomee jioni mkishakula, polepole, asiruke neno hata pale ninapojisema vibaya. Ningeweza kukupigia. Lakini kila tukipigiana tunaulizana hali ya mama, mvua, bei ya iliki, kisha salio linakwisha na neno lenyewe linanibaki kooni. Tena nimeona niliandike hadharani, kwa sababu kosa ninalokuja kukuomba radhi nililitenda hadharani. Mara mbili, mbele ya watu.

Unakumbuka nilipokwenda kusoma Glasgow, kule Uskoti. Mama alizifunga iliki zako kwenye mfuko wa nailoni, akauviringisha ndani ya kanga, akaniambia nisizimalize mwezi wa kwanza. Nilizitunza. Siku za baridi kali nilikuwa natia punje mbili tu kwenye chai, na chumba chote kinanukia kama uani kwetu Ngamiani.

Mwezi wa nne, tulipopata likizo fupi, wenzangu wanne wa darasani wakasema twende tukapande Ben Nevis. Mmoja Mmalawi, mmoja Mghana, mmoja msichana wa Kichina, na mmoja Mskoti, kijana aliyekulia hukohuko milimani. Tulipanda treni Glasgow, karibu saa nne nzima hadi mji wa Fort William, na sehemu ya njia inapita nyika ya Rannoch ambako hakuna nyumba wala mti, ni maji meusi na majani ya kahawia mpaka macho yanachoka.

Ben Nevis una mita 1,345, ndio mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Kwa mtu wa nchi yenye Kilimanjaro, namba hiyo niliidharau. Sikujua kwamba njia inaanzia bondeni, karibu usawa wa bahari, kwa hiyo mita zote hizo unazilipia kwa magoti yako. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 17. Na baridi nayo inapanda pamoja nawe: kila mita 100 joto linapungua kiasi cha nusu nyuzi na zaidi, hata ukifika juu umeacha nyuma nyuzi nane au tisa.

Njia ni ya mawe, pana, imejengwa vizuri. Mskoti alituambia ilichongwa mwaka 1883, na haikuchongwa kwa ajili ya watu wa kutembea. Ilichongwa ili farasi wabebe mizigo na chakula cha watu waliokuwa wakiishi kileleni, kwenye kituo cha kupima hali ya hewa. Nilisikia bila kutilia maanani. Nitarudi hapo, Mjomba.

Tulipanda tukizungumza. Mmalawi alikulia chini ya mlima Mulanje, na ukimgusa tu kwa jina hilo hanyamazi. Alitueleza juu ya kilele chake kinachoitwa Sapitwa, mita 3,002, na mierezi ya huko ambayo mbao zake zinanukia na mchwa hawaziwezi. Alitaja vijito kwa majina. Alimtaja babu yake aliyekuwa akishusha mbao kichwani. Alizungumza kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao, bila aibu na bila kujikweza. Kisha akanigeukia, akauliza, “Na kwenu je, mna mlima gani?”

Nikamjibu, “Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu Tanga hatuna milima.”

Niliyasema hayo, Mjomba. Mimi, ambaye mama yangu alizaliwa Amani, huko kwenu milimani Usambara. Mimi niliyekunywa maji ya bomba tangu utoto, maji ya mto Zigi, ambayo chimbuko lake ni misitu hiyohiyo ya kwenu kabla hayajafika bwawa la Mabayani na kuletwa mjini. Ukitoka Pongwe kwenda Muheza siku anga ikiwa safi, milima imesimama mbele yako. Nilisema hatuna.

Tulipovuka kijito kinachoitwa Red Burn hali ilibadilika. Ukungu ulitushukia, njia ikapotea chini ya theluji, upepo ukawa unasukuma kama mtu anayekukataza kuingia ndani. Mghana alikuwa amevaa raba. Hapo Mskoti akasimama akasema tunarudi. Akatueleza kwamba upande wa kaskazini wa kilele kuna magenge yanayofika mita 700, na majira yale theluji hujenga ukingo unaoning'inia nje ya genge. Katika ukungu huwezi kujua mlima umeishia wapi. Unakanyaga ukidhani kuna ardhi, kumbe chini hamna kitu.

Nilikasirika. Nilikuwa nimelipa nauli, nimeazima buti, nimekwisha kuwaambia watu nyumbani kwamba leo nasimama juu ya Uingereza. Tulijibanza nyuma ya jiwe kubwa tupate kunywa chai kabla ya kushuka, nami sikusema na mtu. Nikafungua chupa yangu. Nilikuwa nimetia iliki zako.

Harufu ile, Mjomba, ilinirudisha miaka mingi nyuma. Ilikuwa masika. Ulimwambia mama utafika Jumanne, ukafika Alhamisi. Siku mbili mama hakulala. Kila mlango ukigongwa anaruka. Ulipoingia na gunia lako alikufokea kwanza, ndipo akalia. Wewe ukasema maneno manne tu: “Mto ulikuwa umejaa, dada.” Ulikuwa umefika kwenye kivuko, ukautazama, ukarudi na mzigo wako mgongoni hadi kijiji cha chini, ukalala msikitini siku mbili, ukangoja. Mimi niliona umetuchelewesha tu. Nyuma ya jiwe lile, vidole vikiwa haviwezi kushika kikombe, ndipo nilipoelewa kwamba ile ilikuwa elimu. Kijana wa Kiskoti aliturudisha kwa elimu aliyopewa na baba yake, na tulimshukuru. Wewe nani alikushukuru?

Nikawapitishia wenzangu chai. Mchina akauliza ina nini, mbona inapasha moto hadi kifuani. Nikasema ni kiungo cha nyumbani. Hata hapo sikukutaja.

Jioni tulilala nyumba ya wageni, ya mama mmoja mtu mzima. Dirishani alikuwa amepanga vyungu vidogo vya maua, majani yake mazito yenye vinyweleo, maua ya zambarau yenye jicho la njano katikati. Nilikuwa nimeyaona madukani Glasgow, yanauzwa kila mahali, nikadhani ni ya kwao. Yule mama akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, Tanga. Akaweka birika chini. Akasema, “Basi haya ni maua ya kwenu,” akaenda kuleta kitabu chake cha maua ya ndani.

Yalikuwa yameandikwa humo, Mjomba: asili yake, milima ya Usambara. Baadaye nilitafuta habari zake zote. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa afisa wa serikali yao hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akalipa ua jina la kisayansi kwa ukoo wao, Saintpaulia. Wajerumani katika mazungumzo ya kawaida wanaliita urujuani wa Usambara. Leo liko madirishani dunia nzima, na porini kwenyewe, huko kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, linapungua kwa sababu misitu inakatwa. Yule mama aliniambia yake yote yalianza na jani moja alilopewa na mama yake. Unalichomeka jani kwenye udongo nalo linatoa mizizi. Alinionyesha kwa vidole vyake jinsi ya kulikata, kwa upole, kama anayeshika sikio la mtoto.

Mmalawi alikuwa amekaa pembeni yangu akisikiliza. Hakusema kitu. Alinitazama tu, na lile nililomwambia asubuhi likawa limekaa kati yetu.

Usiku ule sikulala, na kilichoninyima usingizi ni siku nyingine kabisa. Nilikuwa kidato cha pili. Ulikuja mchana wa jua kali, gunia la mdalasini na iliki begani, makatambuga miguuni, suruali nyekundu kwa udongo wa Amani hadi magotini. Nilikuwa kibarazani na wenzangu watatu wa shule, tunasukana. Mmoja akauliza, “Nani yule?” Nikasema, “Muuza viungo.”

Ulisikia. Najua ulisikia kwa sababu mguu wako ulisita kwenye kizingiti. Kisha ukaingia uani kwa dada yako, ukanywa maji, ukazungumza na watu kama kawaida, na ulipoondoka ukaniachia noti ya daftari kama ulivyoniachia kila safari. Hukumwambia mama. Hujaniuliza hata leo. Mjomba, nisamehe. Nimekuwa nikilibeba hilo peke yangu tangu siku ile, na sitaki lifike uzeeni.

Tulirudi Ben Nevis mwezi wa saba, na safari hiyo tulifika kileleni. Hakukuwa na cha kuona. Ukungu tupu, kama siku nyingi za kule. Nilichokiona ni kuta za kile kituo cha hali ya hewa, magofu ya mawe. Watu waliishi mle tangu 1883 hadi 1904, wakipima joto na upepo usiku na mchana. Kabla hakijajengwa, kiangazi cha mwaka 1881, bwana mmoja aitwaye Clement Wragge alipanda mlima ule kila siku ili asome vipimo, mvua inyeshe isinyeshe, kuanzia mwezi wa sita hadi katikati ya mwezi wa kumi. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya dhahabu. Jina lake linatajwa hadi leo.

Nilisimama pale nikahesabu. Yeye kiangazi kimoja. Wewe umepanda na kushuka Usambara zaidi ya miaka 20, na mzigo mgongoni, na karo yangu imo ndani ya mzigo huo. Unajua mto upi unajaa haraka na upi unatoa onyo. Unajua kwa harufu kama mvua iko upande wa Muheza au iko juu yako. Bwana yule anastahili nishani yake, simwonei kijicho. Ninachosema ni kwamba nyumba nzima ilikuwa na mpanda mlima, nasi tukamwita mtu wa shamba.

Kushuka, Mskoti alitoa dira. Kutoka kileleni unafuata nyuzi 231 kwa mita 150, halafu unageuka nyuzi 282, ndipo unayakwepa magenge ya pande zote mbili. Tulihesabu hatua kwa sauti, watu watano tumefuatana. Nikamsogelea Mmalawi humo ukunguni, nikamwambia, “Siku ile nilikudanganya. Kwetu kuna milima. Mjomba wangu anaishi juu yake.” Akasema, “Nieleze.” Nikaanza kwa ujasiri, Mjomba, nikamaliza katika sentensi tatu. Sikuwa na majina. Sijui vijito vyenu vinaitwaje. Sijui ile miti mikubwa mliyoiacha ikivika iliki kivuli inaitwaje kwa Kisambaa. Ua lile sijui nyinyi mnaliitaje, wala kama mnaliita.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nimerudi Tanga, nimepata kazi, nimekuja kwako mara mbili, na mara zote kwa bodaboda kutoka Muheza, navuta vumbi, nafika, nakula, naondoka. Naomba unipeleke kwa miguu. Tuanzie Zigi tupande hadi nyumbani kwako, kwa njia zako za mkato. Nionyeshe kivuko kile, na msikiti ule uliolala. Nionyeshe ua kwenye mwamba wake, sitalichuma. Nitakuja na daftari, na kila kitu ukitaje kwa jina lake, hata kikiwa kidogo, hata ukiona ni cha kijinga.

Mama ameniambia goti la kulia linakusumbua ukishuka. Basi shuka kwa bodaboda, nauli nitaituma kwa binamu, kisha tupande wote kwa mwendo wako. Ukisema tupumzike, tutapumzika. Ukisema turudi, tutarudi, na safari hii sitanuna.

Buti ninazo, nilinunua zangu mwenyewe kabla ya ile safari ya pili. Chai nitachemsha mimi. Gunia, kama lipo la kupandisha, nitabeba mimi.

Niambie tu, nije Ijumaa baada ya swala nilale Muheza, au nikukute Zigi Jumamosi alfajiri?

Mpwa wako,
Ngamiani, Tanga