Mwanangu, usiache samaki

Mwanangu kipenzi,

Juzi uliponipigia simu kuniuliza kama uache samaki kwa sababu ya zebaki, nilikujibu papo hapo: "Acha, mama, acha kabisa." Nilijibu kwa woga. Mimba yako ina miezi mitatu, na mimi nikisikia neno sumu na neno mtoto katika sentensi moja akili hunikimbia. Tangu siku ile nimesoma, nimeulizia, nimelala nikiwaza, na leo nayafuta maneno yangu. Usiache samaki. Badilisha samaki unaowala.

Unakikumbuka kile kipimajoto kilichoanguka ulipokuwa na homa, ukiwa na miaka sita? Ulichuchumaa sakafuni ukiviviringisha vile vitone vya fedha kwa kidole. Ukivigusa vinagawanyika, ukivisogeza vinaungana tena. Mimi nikachukua ufagio nikafagia. Sasa najua lile lilikuwa kosa langu, maana ufagio huitawanya zebaki, na mvuke wake ndio unaoingia mapafuni. Ilinipasa nikutoe chumbani, nifungue madirisha, kisha niviokote vitone kwa karatasi ngumu na kuvifungia ndani ya chupa. Niwie radhi kwa hilo. Lakini zebaki iliyomo ndani ya samaki si ile uliyoichezea. Ni ileile kwa asili, ila imegeuzwa.

Nyingi huanzia hewani, mbali kabisa na bahari. Hutoka katika moshi wa makaa ya mawe, na zaidi katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, ikanasa chembe zake, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, shughuli za binadamu zilirusha hewani tani 2,200 hivi za zebaki, na takriban tani 840 zilitokana na dhahabu hiyo. Mchimbaji simlaumu, yeye ndiye wa kwanza kuuvuta mvuke huo. Mvuke huelea miezi mingi, ukavuka nchi na mabara, hadi utue baharini. Huko, mahali penye oksijeni haba, bakteria huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, na hii ndiyo inayoganda katika nyama ya kiumbe hai na kukawia kutoka.

Vijimea vidogo vya majini huinyonya. Vijidudu hula vijimea, sadini hula vijidudu, jodari hula samaki wengi wa namna hiyo, na papa hula walioshiba tayari. Kila anayekula hurithi deni la aliyeliwa, na aliyeishi miaka mingi huwa amelimbikiza madeni mengi. Nimeangalia vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani: wastani wa samaki-upanga ni karibu miligramu 1 ya zebaki kwa kilo, na wa sadini ni miligramu 0.013. Yaani kilo moja ya samaki-upanga ina zebaki ya zaidi ya kilo 70 za sadini. Ni bahari hiyohiyo.

Sasa nikueleze kilichoninyima usingizi. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki ghubani tangu mwaka 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956, baada ya paka kuanza kurukaruka kama wenye wazimu na watoto kushindwa kutembea na kusema. Wakati ule madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya sumu. Daktari Harada Masazumi alikutana na ndugu wawili wenye dalili zinazofanana. Mama yao akamweleza kwamba mkubwa ndiye anayehesabiwa kuwa mgonjwa wa Minamata, mdogo hahesabiwi, kwa sababu hajawahi kula samaki. Aliyekula ni mama. Mama mwenyewe alihisi kuwa sumu ilimwendea mtoto tumboni, na alikuwa sahihi. Baadaye Harada alivitumia vitovu vikavu ambavyo familia za huko huvihifadhi tangu mtoto anapozaliwa, vikapimwa, na methilizebaki ikakutwa humo. Nimekisoma kisa hicho mara tatu. Yule mama alijua kabla ya wataalamu.

Usishtuke, wewe huishi kando ya ghuba ile, na kiwango unachokipata kwenye samaki wa kawaida hakifanani kabisa na kile. Wala usijilaumu kwa papa uliyemla kabla hujajua kuwa una mimba. Mwili huitoa methilizebaki, ila polepole: karibu nusu yake hutoka kwa siku 50 hivi, kisha nusu ya iliyobaki, vivyo hivyo. Kuanza leo kunafaa.

Kwa hiyo papa, nduaro, samaki-upanga na jodari wakubwa waweke kando mpaka umalize kunyonyesha. Kula sadini, dagaa, vibua wadogo. Wana mafuta ya omega-3 ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji, na ndiyo maana nilikosea kukuambia uache kabisa. Wamarekani huwashauri wajawazito wale kati ya gramu 225 na 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo, na mimi naona ni kiasi cha haki. Jodari wa kopo mara nyingi huwa ni wale wadogo, ila soma maandishi, maana yule mweupe ana zebaki zaidi. Na mtu asikudanganye kwamba limau, chumvi, kukausha au kukaanga sana kunaiondoa. Imeshikamana na nyama yenyewe. Hata ukitoa ngozi na mafuta, inabaki.

Ukienda kliniki, mwambie mkunga ukweli wote: umekula papa mara ngapi tangu mwaka uanze, na vipande vikubwa kiasi gani. Akiona haja, damu au kishungi kidogo cha nywele vinatosha kupimwa. Usione haya kuuliza, hata kama foleni ni ndefu na yeye amechoka.

Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako