Kabla hamjapanda meli ya Nansio

Mwanangu,

Nasikia mnahamia kisiwani Jumamosi. Vyombo umeshafunga vyote, ila mjukuu wangu hajarudiwa kipimo cha kichwa. Usiniambie mzima, hajaumwa tangu Pasaka. Maumivu ya viungo ni jambo moja, kiharusi jingine. Mtoto wa sikoseli hukaa mwaka bila kulia mguu, huku kichwani seli zilizopinda kama mundu zinakwaruza kuta za mshipa, kuta zinanenepa, njia inabana. Damu ikifika pembamba inakimbia, kama maji ya mpira ukiubana kwa kidole. Mbio hiyo ndiyo wanayoipima hospitali ya Bugando, kwa ultrasaundi ya kwenye panja. Hakuna sindano wala mionzi. Asilie wala asisinzie akipimwa, namba zitadanganya. Sentimita 200 kwa sekunde kwenda juu ni hatari kubwa ya kiharusi. 170 hadi 199 anarudiwa mapema. Ni kila mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16. Yeye ana sita na kapimwa mara moja tu. Waliokwambia akikua yatapungua walikosea, na mmoja wao ndiye anayeandika hapa.

Kwa haidroksiurea, dawa yake ya sikoseli, nakusifu, hujamkosesha hata mwezi ule mshahara ulipochelewa. Lakini dozi huenda na uzito: huanzia miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Ya kilo 15 haimtoshi wa kilo 19. Usiongeze mwenyewe, damu ipimwe kwanza, maana ikizidi inashusha seli nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Akiruka siku moja, kesho usimpe mara mbili. Na kipimo cha kichwa, mama, kipimo.

Huko kisiwani uso ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakikorogeka, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama yamekaa sawa baada ya dakika tano. Usimpe uji wala dawa mdomoni, atapaliwa. Shangazi yako atasema ni upepo mbaya. Msikilize kwa heshima, mkiwa njiani.

Kadi ya kliniki isiingie kwenye masanduku, iwe mkobani. Blanketi zito nimelitoa kabatini. Baridi ya ziwa alfajiri inamwamshia maumivu. Godoro dogo liache, litakuja na mzigo wa mchele. Dagaa usinitumie, wa mwezi jana bado wapo.

Alhamisi kama hujampeleka, nakuja kumchukua mwenyewe.

Mama