Barua kwa Zaituni: huo utando mweupe ni wenu wawili

Busia, upande wa Uganda
Alhamisi jioni

Dada yangu Zaituni,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa mamamkwe, na hongera tena ya mtoto. Ujumbe wako wa sauti, wa matiti yanayowaka na utando mweupe mdomoni mwa mtoto, nimeusikiliza, na kilio kilichokushika katikati nimekisikia. Nimeona nikuandikie badala ya kukujibu kwa sauti, maana mambo haya utataka kuyarudia usiku wa manane, mtoto yuko titini, wenzio kambini wote wamelala na huna wa kumuuliza.

Kwanza, pole sana. Maumivu hayo nayajua. Titi linawaka kama limepakwa pilipili, na mtoto akiachia ndiyo kwanza linaanza kuchoma kwa ndani, mpaka unakaa umejishika kifua kwa mikono yote miwili ukingoja litulie. Wanaokuambia kila mzazi huumia, vumilia, wanasemea maumivu mengine. Yapo ya siku za mwanzo, mtoto anapojifunza kushika, na hayo hupungua siku hadi siku. Wewe ulishapita hapo. Ulinyonyesha vizuri, kisha ghafla matiti yote mawili yakaanza kuwaka. Hilo si la kuvumilia, hilo lina dawa.

Kesho asubuhi mbebe mtoto mpaka mlangoni penye mwanga, umshushe kidevu taratibu, umtazame mdomoni. Ulimi peke yake usikutishe. Maziwa huacha weupe kwenye ulimi, na ukipangusa kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu unatoka. Angalia ndani ya mashavu na kwenye ufizi. Ukiona mabaka meupe mazito yaliyoing'ang'ania nyama, hayatoki kwa kupangusa, au yakitoka yanaacha wekundu mbichi, basi hiyo ni fangasi. Ukishayaona, usiyakwangue tena, wala mtu asije na chumvi au majivu kumsugua. Hiyo nyama iliyo chini yake inauma.

Kisha jitazame wewe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo usiutafute huo tu. Tazama kama chuchu zinang'aa kuliko kawaida, kama lile duara jeusi linatoa magamba madogo, kama panawasha, kama hata nguo ikigusa tu unashtuka. Ukiona ni titi moja, na chuchu inatoka mdomoni mwa mtoto imebanwa bapa, hapo tatizo huenda ni jinsi anavyoshika, na mkunga atakuonyesha namna ya kumweka ili achukue sehemu kubwa ya duara, si ncha peke yake. Na ukiona upande mmoja umekuwa mgumu, wa moto, na una homa, hiyo ni habari nyingine kabisa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Umeniuliza umeukosea wapi usafi. Hujakosea popote. Fangasi hii, wataalamu wanaiita kandida, huishi miilini mwetu siku zote, mdomoni, tumboni, ukeni, bila kutusumbua, kwa sababu wapo bakteria wazuri wanaoizuia isienee. Wewe ulijifungua kwa upasuaji, ukapewa antibayotiki ili kidonda kisioze. Dawa hiyo ilikuwa ya lazima, ila nayo haichagui, huua hata wale walinzi. Kandida ikapata nafasi. Mahali inapopapenda ni pale penye joto na unyevunyevu, na wapi pana joto na unyevu kuliko mdomo wa mtoto na titi lililolowa maziwa ndani ya sidiria? Wengine huipata mtoto anapopita ukeni wakati wa kuzaliwa. Hakuna jicho la mtu hapo, wala uchafu.

Sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote: mtibiwe wote wawili, siku moja, hata kama mmoja wenu haonyeshi dalili. Wa kwangu alipopatwa, zahanati tuliyokwenda kwanza ilimpa mtoto matone ikaturudisha nyumbani, hakuna aliyeuliza habari ya matiti yangu. Mdomo ukasafika, kisha weupe ukarudi. Mkunga wa kituo cha serikali ndiye aliyeniambia nifungue blauzi, akatazama, akanieleza kwamba mtoto anaponyonya huniachia mimi fangasi, na mimi nikimpa titi namrudishia yeye. Tukatibiwa sote, ukaisha. Kwa hiyo ukifika kituoni usingoje waulize. Waambie wewe mwenyewe kwamba matiti yanawaka, na kama huko chini nako kunawasha na kutoa uchafu mweupe, sema pia. Mkunga amesikia mengi, hatashangaa.

Dawa ya mtoto kwa kawaida ni nistatini ya maji. (Nilifurahi kusoma kwamba waligundua dawa hii wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950.) Kipimo kinachotumika sana ni mililita 1 mara 4 kwa siku, kwa siku 7, lakini fuata alichokuandikia mhudumu wa afya. Namna ya kuitoa ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu dawa hii ikimezwa haiingii kwenye damu, inafanya kazi pale inapogusa tu. Ukimmiminia kooni akameza, umeitupa. Tikisa chupa vizuri. Mnyonyeshe kwanza, ndipo umpe, ili maziwa yasiioshe. Nusu ya dawa iweke ndani ya shavu la kulia, nusu ndani ya shavu la kushoto, kidogo kidogo, kisha kwa kidole ulichokiosha kwa sabuni mpake kwenye ufizi na ulimi. Kile kibomba cha kupimia kikigusa mdomo wake kioshe kabla ya kukirudisha chupani. Weupe ukitoweka siku ya tatu usifurahi ukaacha. Maliza siku zote ulizoandikiwa, na angalau siku 2 zipite baada ya mdomo kusafika kabisa.

Wewe utapewa krimu, mara nyingi ya mikonazoli au klotrimazoli. Ukimaliza kunyonyesha, suuza chuchu kwa maji safi bila sabuni, ziache zikauke kwa hewa, kisha paka kiasi kidogo mno, kinachopotea kwenye ngozi. Ikibaki inayoonekana, ipanguse kabla mtoto hajashika tena. Yakiwa maumivu ya ndani hayajapungua baada ya wiki moja, rudi. Daktari anaweza kukupa vidonge vya flukonazoli, na mtu huweza kuvimeza huku ananyonyesha. Mtoto akiwa na wekundu na vipele kwenye makalio, waonyeshe na hapo. Fangasi hupita tumboni ikatokea huku chini, nako kunahitaji krimu yake.

Dukani wanaweza kukuuzia jeli ya mdomoni ya mikonazoli. Usimpe mtoto wako. Ni nzito, na mtoto aliye chini ya miezi 4 inaweza kumkwama kooni. Vilevile ile dawa ya zambarau, jivii (GV, yaani jenshani vayoleti), ambayo mama zetu walitupaka. Ya dukani mara nyingi ni kali, wakati ya mdomo wa mtoto mchanga huzimuliwa mpaka asilimia 0.25, na ikiwa kali humwongezea vidonda. Tena mwaka 2019 wizara ya afya ya Canada ilionya watu juu ya dawa hiyo kwa kuhofia saratani. Kama nistatini ipo, mimi nisingeigusa jivii. Nistatini ikikosekana kituoni, muulize mhudumu kwanza kabla ya kununua chochote cha zambarau.

Sasa lile lililoninyima usingizi. Umesema mamamkwe amemtazama mtoto ufizi, akaona vivimbe vyeupe, na anataka aitwe yule mzee wa kung'oa ebinyo, hayo wanayoyaita meno ya uongo, kwa sababu mtoto analia na kuachia titi. Zaituni, nakusihi, usimkabidhi mtoto kwa mzee huyo. Vivimbe hivyo ni meno ya utotoni yanayokua chini ya ufizi, na kila mtoto anayo. Vikichokolewa kwa spoku ya baiskeli au wembe, mtoto huvuja damu, anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na wapo watoto waliokufa. Anayesalimika huota meno yaliyoharibika. Mtoto wako analia kwa sababu mdomo unamuuma anaponyonya, na huo mdomo una dawa ya kudondoshea.

Mamamkwe simlaumu. Amelea watoto wakati kituo cha afya kilikuwa mbali, na anampenda mjukuu wake. Usibishane naye mbele ya watu. Mwombe akusindikize kituoni, ampakate mtoto yeye mwenyewe, mkunga amfungue mdomo mbele yake na kumwonyesha weupe uko wapi na meno yako wapi. Akikataa, mwambie baba watoto aongee na mama yake. Hilo ni lake, asikuachie wewe.

Na huyo jirani aliyenong'ona kuhusu silimu, yaani UKIMWI, neno lake lipuuze, lakini kipimo usikipuuze. Utando mweupe huwapata watoto wachanga wengi wenye afya nzuri kabisa, kwa sababu kinga yao bado inajengeka. Ulipimwa ukiwa mjamzito na majibu unayajua. Ila kunyonyesha ni safari ndefu, kwa hiyo kurudia kipimo, wewe na mwenzio, ni jambo jema, na fangasi ikirudi tena na tena hata baada ya kutibiwa vizuri ni lazima ichunguzwe sababu. Ukimjua mwenzetu yeyote hapo kambini anayeishi na virusi na ananyonyesha, mwambie kwa siri na kwa upendo: chuchu zilizopasuka na vidonda mdomoni mwa mtoto hurahisishia virusi njia, asikose vidonge vyake na asichelewe kutibu fangasi hata siku moja.

Usiache kunyonyesha. Najua ndilo shauri unalopewa kila upande, umpe maziwa ya kopo upumzike. Maziwa yako hayajaharibika, na matiti yakijaa bila kutolewa utaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Anza na titi lenye nafuu. Mnyonyeshe mara nyingi kwa muda mfupi badala ya kungoja apandwe na njaa akushike kwa nguvu. Unapotaka kumwachisha, pitisha kidole safi pembeni ya mdomo wake ulegeze mshiko, usimvute. Parasetamoli unaruhusiwa. Ikitokea mara moja huwezi kabisa, kamua kwa mkono umpe kwa kikombe kidogo, ayanywe yakiwa mapya. Usiyagandishe kwenye friji kwa siku za mbele, kwa maana baridi haiiui kandida.

Nyumbani fanya haya mpaka mpone: mikono kwa sabuni kabla na baada ya kunyonyesha na kila ukibadilisha nepi. Sidiria na vile vitambaa vya kufyonza maziwa badilisha kila vinapolowa, vifue kwa maji ya moto, vianike juani. Pasi najua unapiga tayari, maana Uganda hii nani anamvisha mtoto nguo bila kuipiga pasi akihofia mayai ya yule nzi anayeingiza mabuu kwenye ngozi? Basi zitie na sidiria zako humo humo. Chuchu ya bandia, kama anayo, ichemshe kwenye sufuria juu ya sigiri kila siku, na dawa ikiisha, inunuliwe mpya.

Usingoje miadi ya chanjo ukiona mtoto amekataa titi kabisa, ana joto, amelegea na haamki kunyonya, anapumua haraka, au nepi zinakaa kavu. Mtoto wa umri huo akiwa na homa ni wa kupelekwa hata usiku. Panda boda, pesa tutajua baadaye.

Nipigie Jumapili baada ya adhuhuri, nitakuwa nyumbani. Nataka kusikia mamamkwe amesema nini kituoni na kama wamekupa krimu yako.

Akupendaye,
Mama Swabra

N.B. Umetaja asali ya kumpaka ulimini. Hapana, dada. Asali haimfai mtoto yeyote kabla hajatimiza mwaka 1, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Na kyogero, yale maji ya dawa za mitishamba ya kumwogeshea mtoto, kama bibi zake wanataka, mwogesheni, lakini maji yake yasimwingie mdomoni.