Usifyeke kwanza

Rashidi ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo. Huku wazima, watoto wanakua, na midomo yao inakua kuliko wao. Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu, tutagombana siku tukionana. Leo nina haraka. Shemeji kanipigia jana usiku, kaniambia kuku wanapungua, umeona nyayo kwenye mahindi, na sasa unataka kufyeka kichaka chote cha kando ya kijito kisha utege nyama yenye sumu. Nikasema huyu lazima nimuwahi.

Hizo nyayo uliinama ukaziangalia, au uliziona ukiwa umesimama? Zikiwa na alama za kucha mbele ya vidole, anaweza kuwa mbweha, au mbwa wa jirani, na usiniambie hawali kuku, tunawajua. Zikiwa za mviringo na hazina kucha, ni jamii ya paka, maana paka hutembea kazificha. Shemeji anasema hazina kucha, na zinafuata ukingo wa shamba kutoka kijitoni. Mimi nahisi ni mondo, yule paka-mwitu wa madoa mwenye miguu mirefu.

Na mondo, Rashidi, chakula chake kikubwa ni panya. Husimama kimya kwenye majani marefu, masikio yale makubwa yakimsikiliza panya asiyemwona, halafu huruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Kuku akimkuta nje usiku atamchukua, hapo simtetei. Lakini wewe mwaka jana ulilia na panya ghalani, hukulia na mondo.

Ule mrundo wa mavi ambao mama mkubwa anaapa ni wa fisi, mwambie achokoe kwa kijiti. Akikuta mbegu za matunda na vipande vya magamba ya jongoo, ni fungo huyo, yule mnyama wa usiku mwenye madoa. Ana tabia ya kurudi kujisaidia palepale. Kwa hiyo hapo una wapangaji wawili, pengine na wa tatu, kanu, yule mdogo mwembamba wa mkia mrefu, na wote unataka kuwahukumu kwa kosa la mmoja.

Turudi kwenye kichaka. Watu hudhani mnyama akionekana shambani kapotea njia kutoka porini. Wengi hawajapotea, shamba ni sehemu ya makao yao: mchana wanalala penye maficho, usiku wanatoka kuwinda. Kule Maharashtra, India, chui wanaishi na kuzaa ndani ya mashamba ya miwa, na wakulima hukuta watoto wa chui wakati wa kukata miwa. Watafiti walipochunguza mavi ya chui wa eneo la Akole, walikuta mbwa ndiye anayeliwa kuliko mnyama mwingine yeyote. Na huko jirani, Junnar, chui walikamatwa wakaachiwa msituni. Mashambulizi kwa watu yakaongezeka! Sasa wewe na panga lako utafanikiwa nini? Ukikifyeka kichaka chako, panya hawahami, chakula kiko palepale, umemnyima mondo tu mahali pa kulala. Na mahindi yakishavunwa, kichaka hicho ndicho maficho pekee yanayobaki. Unataka akalale wapi, chini ya ghala?

Usishangae pia kwamba humwoni. Kuna utafiti wa 2018 uliokusanya habari za aina 62 za mamalia: aliyekuwa akigawa shughuli zake nusu mchana nusu usiku, akiishi karibu na watu hupeleka asilimia 68 usiku. Wanatukwepa, ndiyo maana hujui una wangapi.

Sumu ndiyo hasa imeninyima usingizi. Nyama ya mtego haichagui. Atakula fungo, atakula mbwa wako, tai watashukia mzoga nao wafe. Na mtoto wa dada yako, yule anayeokota kila kitu? Hata ya panya ipunguze, maana panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kukamatwa, na mondo akimla inamwingia yeye. Utaua mwindaji wa panya kwa kutaka kuwaua panya.

Banda ndilo tatizo, nalijua lile banda. Weka wavu wenye matundu madogo, na juu pia, maana kanu hupanda kama hana uzito. Chini uchimbie, kwa ajili ya wanaochimba. Kuku waingie kabla giza halijashika. Nitakusaidia kufunga wavu nikija, ukinipa mtu wa kunishikia ngazi ambaye si kaka yako.

Sasa nijibu: kuku wanapotea usiku au mchana? Kama ni mchana mbona tunamsingizia mondo, si tutazame nguchiro au mwewe? Unakuta manyoya pale pale au kuku anatoweka mzima? Jirani wa ng'ambo naye kapoteza? Kijana wa kufyeka umeshampa kazi, au bado naweza kumzuia? Na ile pampu yangu, bwana, inarudi lini?

Wasalimie wote, hata kaka yako.

Wako,
Idi